Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: kadi ya mtoto ikishajaa, nani anabisha hodi?

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya

Nakala kwa: Mwenyekiti wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Afisa Lishe, Afisa Ustawi wa Jamii

YAH: KUKOMA KWA KAZI YA KUTEMBELEA KAYA ZENYE WATOTO WADOGO

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliipitisha kwa mganga mfawidhi wa zahanati yetu, kama utaratibu unavyotaka. Ya pili ilipita kwa mtendaji wa kijiji, ikaenda kwa mtendaji wa kata, na tangu hapo sijui imelala kwenye droo gani. Ya tatu niliileta mwenyewe masjala, nikagongewa muhuri wa "imepokelewa", nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo. Ndiyo maana hii ya nne haina "kupitia kwa". Naileta hadharani, nawe uisome siku moja na wananchi wako. Jina la wilaya nimeliacha kwa makusudi; wewe unaijua, na sina haja ya kuiaibisha mbele ya wilaya nyingine ambazo huenda haziko mbali nasi kwa hali hii.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au WAJA kama tunavyoitwa siku hizi. Mkutano mkuu wa kijiji ulinichagua mwaka 2015, nami nahudumia vitongoji viwili huku Nyanda za Juu Kusini, kwenye mahindi, viazi na baridi. Naomba nianze kwa kueleza kazi yenyewe, maana nimegundua kuwa ofisini wengi wanadhani kutembelea kaya ni kupita na daftari ukihesabu vyoo.

Nafika asubuhi. Nabisha hodi, nasema kamwene, nakaribishwa kigoda. Nikimkuta mama anapukuchua mahindi, napukuchua naye. Tunaongea habari za mvua kwanza, halafu mume, halafu mtoto. Kisha namwomba anionyeshe anavyocheza na mwanawe. Wengi hucheka mara ya kwanza: "Nicheze naye, kwani mimi mtoto?" Bibi aliyeko jikoni hudakia kwamba mtoto mchanga haongeleshwi, hajui kitu. Natoa chupa ya maji yenye punje chache za mahindi ndani, kizibo kimekazwa, naitikisa. Mtoto anageuka, anainyooshea mkono, anaguna. Namwambia mama: amekuuliza swali hapo, mjibu. Ziara inayofuata nakuta gunzi limevishwa kitambaa, limekuwa mwanasesere, na yule bibi ndiye anayembembeleza mjukuu kwa nyimbo. Mara ya tatu nakuta baba amembeba mtoto mgongoni, ananiambia ati alikuwa anampeleka tu kuona ng'ombe.

Ndiyo kazi. Haina kipaza sauti wala fulana.

Mradi mmoja ulikuja mwaka 2019 ukatufundisha kuifanya vizuri zaidi. Ulitupa buti, begi, rejista na baiskeli. (Baiskeli kwenye milima yetu unaisukuma ukipanda na kuishikilia ukishuka, lakini ilibeba mizani, sikatai.) Tulipewa posho ndogo kila mwezi na msimamizi wa kututembelea. Mwaka 2023 mradi ukafungwa. Siku hiyo mgeni rasmi kutoka halmashauri alitangaza kuwa halmashauri "itaurithi". Marehemu ameacha watoto, Ndugu Mkurugenzi, na mrithi hajaonekana msibani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto akifikisha miezi 18, Serikali haimwoni tena mpaka aanze darasa la awali.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mama wa kijijini anakwenda kliniki kwa sababu ya chanjo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na ya pili akiwa na miezi 18. Baada ya hapo kadi imejaa, na mama anaona amemaliza. Simlaumu. Zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa miguu, na akifika anakuta foleni ya akina mama na muuguzi mmoja. Anapima uzito, anaandikiwa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza kama mtoto ameanza kuunganisha maneno mawili.

Kati ya miezi 18 na miaka mitano mtoto huyo yuko wapi? Yuko nyumbani. Mwezi wa Novemba na Desemba, mvua zikianza, mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba aliyekosa shule siku hiyo. Vituo vya kulelea watoto mchana viko mjini. Mtu pekee ambaye angepita hapo ni mimi, na mimi nimesimamishwa bila barua.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kuwa, kati ya watoto wa miezi 24 hadi 59, ni asilimia 47 tu waliokuwa wakikua kwa mwelekeo unaostahili umri wao. Zaidi ya nusu wako nyuma, na hao ndio wa umri ule ule ambao hakuna anayewafuata.

Nitakupa kisa kimoja. Kulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, mnene, mchangamfu, kadi yake safi, kliniki hajakosa hata mara moja. Bibi yake alisema ni mkimya kama babu yake. Nilikaa nao siku ya kwanza sikuona kitu. Ziara ya pili nilimpitia kwa nyuma nikatikisa ile chupa ya mahindi. Hakugeuka. Nikaitikisa karibu na sikio. Hakugeuka. Niliandika rufaa, mama akauza debe mbili za mahindi kwa ajili ya nauli, hospitali wakathibitisha kuwa hasikii. Leo familia nzima inaongea naye kwa mikono na kwa uso, na ana maneno yake. Kliniki ilimpima uzito mara nyingi kweli kweli, lakini uzito wake haukuwa na tatizo.

2. Tumeachiwa utepe usioona ugonjwa wetu.

Kifaa pekee kilichobaki mkononi mwangu ni ule utepe wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, kuendelea juu ni kijani. Ni kifaa kizuri kwa kumgundua mtoto aliyekonda. Lakini huku kwetu watoto wengi hawajakonda. Wamedumaa. Mkono uko kijani, na mtoto wa miaka mitatu ana kimo cha mtoto wa miaka miwili.

Takwimu za mwaka 2022 zinaonyesha udumavu nchini ni asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mkoa wa Iringa ulikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto wote. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji. Magunia ya mahindi na viazi yanapanda lori, na aliyeyalima anabaki na mtoto mfupi. Viongozi wakija kwenye mikutano hutuambia tatizo ni wananchi kutojua kula. Kuna ukweli humo, lakini nusu tu. Uji wa mahindi matupu asubuhi na ugali mchana ni mazoea, ndiyo. Lakini mtoto pia anakula mara mbili kwa siku kwa sababu hakuna mtu nyumbani wa kumlisha mara nne. Anakula akilishwa na mtoto mwenzake. Anaharisha kwa sababu maji ni ya bonde. Na mama mwenye mimba ya miezi saba bado ana jembe. Huwezi kuyaona haya ukiwa zahanati, na huwezi kuyaona kwenye utepe. Unayaona ukikaa kwenye kigoda.

Kuonyesha udumavu kunahitaji ubao wa kupimia urefu. Katika kata yetu upo mmoja, uko zahanati, na mara ya mwisho nilipouona ulikuwa umeegeshwa nyuma ya mlango ukiwa umetundikwa koti.

3. Tumegeuzwa matarumbeta.

Sijaacha kabisa kuitwa kazini. Naitwa kila kukiwa na kampeni: hamasa ya hiki, uandikishaji wa kile, kugawa vyandarua, kupita na spika kwenye bodaboda. Siku hizo posho inapatikana, chai ya saa nne inapatikana, na gari linapatikana. Sipingi kampeni, chanjo zimeokoa watoto wetu. Ila nimeona jinsi nilivyopokelewa nilipokuwa mgeni wa mtoto, na jinsi ninavyopokelewa sasa. Zamani nikibisha hodi mama alitoka na mtoto. Siku hizi anauliza kutoka ndani, "Leo mnaandikisha nini?"

4. Fedha zipo kwenye karatasi.

Mwaka 2017 Serikali ilisaini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na moja ya mambo yaliyowekwa ni kila halmashauri kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka. Mwaka 2022 mkataba mpya ulisainiwa mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Shilingi elfu moja, Ndugu Mkurugenzi. Ni fedha kidogo. Lakini halmashauri yenye watoto 20,000 ingekuwa na milioni 20, na milioni 20 zikitumika kwa nauli, mbao za kupimia urefu na posho ya watu wanaotembea kwa miguu, zinafika mbali. Ninaloomba kujua ni hili tu: za kwetu zilitolewa kiasi gani, na zilifanya nini? Ninachokiona mimi kijijini ni siku ya lishe, mara moja, na bango.

5. Hakuna anayetusimamia.

Tangu 2023 hakuna mtu hata mmoja aliyekuja nikampeleka kwenye nyumba akaniona ninavyofanya. Nikikosea, nakosea peke yangu.

Sasa najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeyasikia kaunta.

Nitaambiwa nisubiri programu ya taifa. Naifahamu. Mpango Jumuishi na Shirikishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, ukiwa na lengo la wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, wakiwa wamefunzwa na wakilipwa. Nilishangilia nilipousikia redioni, na bado naushangilia. Lakini miaka mitano ndiyo umri wote ninaouzungumzia hapa. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya uzinduzi atakuwa ameshavuka zile siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi miaka miwili, kabla awamu hazijaisha. Hawezi kuwekwa kando akisubiri zamu. Halafu kuna jingine linalosemwa chini kwa chini, kwamba sisi wa zamani wengi hatuna vyeti vya kidato cha nne, hivyo tusubiri vijana wenye sifa. Waje. Nitawaonyesha njia za mkato na mbwa wa nyumba zipi wanauma. Ila mpaka waje, nyumba zisikae bila mtu.

Nitaambiwa akina mama waje zahanati. Takwimu zile zile za 2022 zinasema asilimia 81 ya waliojifungua walijifungulia kituoni, nayo ni hatua kubwa. Inabaki karibu mmoja kati ya watano, na huyo ndiye hasa anayehitaji kufuatwa. Hata aliyejifungulia kituoni huruhusiwa, mara nyingi baada ya siku moja. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri tangu mwaka 2009 kwamba mtoto mchanga atembelewe nyumbani ndani ya saa 24 za kwanza, siku ya tatu, na ikiwezekana siku ya saba. Siku ya tatu ndiyo siku ambayo maziwa yanajaa na matiti yanauma, macho ya mtoto yanaanza umanjano, na jirani anakuja na dawa yake ya kitovu. Siku ya tatu mama hawezi kutembea saa mbili. Mimi naweza.

Nitaambiwa kujitolea ni uzalendo. Sawa. Nimejitolea miaka yote hii, na soli za viatu sijamdai mtu. Lakini sijawahi kumwona dereva wa halmashauri akijitolea dizeli.

Na yupo ofisa mmoja, kijana msomi, aliniuliza kwa upole kabisa: mama, kuna ushahidi gani kwamba kucheza na chupa za mahindi kunaleta maendeleo? Sikumjibu vizuri siku ile. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa kata mwenye intaneti, tukasoma pamoja, na jibu ni hili. Mwaka 1986 mjini Kingston, Jamaika, walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi tisa hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Wageni wao hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wa daraja langu, na walichofanya ni kumfundisha mama kucheza na kuongea na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani. Wengine walipewa nyongeza ya lishe peke yake. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta wakiwa watu wazima, na matokeo yakatoka mwaka 2014: waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa. Kwa wale wa nyongeza ya lishe tu, faida ya namna hiyo haikuonekana.

Nilisoma aya ile mara tatu. Sisemi chakula si kitu. Mtoto wa huku anahitaji maharage, mboga, yai na dagaa, na mimi ni wa kwanza kupigia kelele uji wa mahindi matupu. Lakini sisi tumekuwa tukigawa vijitabu vya mapishi na kufuta ziara, na pale Kingston ni ziara ndizo zilizobaki kwenye maisha ya watu.

Wala silazimishi kitu kigeni. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeandika yote: afya bora, lishe toshelevu, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Nimeona nakala yake kwenye kabati la ofisi ya kata, bado iko kwenye nailoni.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi kabla ya kikao cha baraza kitakachopitisha bajeti ijayo:

(a) WAJA waliopo waruhusiwe rasmi kurudi kwenye kaya zenye watoto wa chini ya miaka mitatu, kwa barua yenye muhuri, hadi wahudumu wapya watakapofika katika kata zetu. Wakifika, tukabidhiane nyumba kwa nyumba, si kwa orodha.

(b) Kila mtoto anayezaliwa katika kata atembelewe siku ya tatu. Zahanati ina namba za simu za WAJA wote. Muuguzi akimruhusu mzazi, anipigie. Hili halihitaji hata bajeti.

(c) Taarifa ya matumizi ya zile shilingi 1,000 kwa miaka mitatu iliyopita ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kama zinavyobandikwa nyingine.

(d) Ubao wa kupimia urefu mmoja kwa kila kijiji. Fundi seremala wetu amesema anaweza kuutengeneza akipewa kipimo sahihi na mtu wa kuuhakiki. Mbao hapa si tatizo, tumezungukwa na misonobari.

(e) Posho ya nauli na buti, kila mwezi, hata ikiwa ndogo, mradi isitegemee kama mwezi huo una kampeni.

(f) Afisa Lishe au Afisa Ustawi aje nitembee naye siku moja tu. Sitamwandalia mapokezi.

Sijaandika barua hii ili mtu afukuzwe kazi, na nikisikia imetumika hivyo kwenye siasa za kata nitaikana hadharani. Mganga mfawidhi wetu ni mtu mwema aliyechoka; asiadhibiwe kwa kuwa niliruka ngazi. Ngazi nilizipanda zote, moja moja.

Rejista zangu za miaka minne, zenye kila nyumba na kila mtoto, zimo kwenye sanduku chini ya kitanda. Hakuna aliyewahi kuja kuzichukua. Utakayemtuma aje asubuhi, maana kuanzia saa nne niko shambani, na aje na buti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
(Jina, sahihi na namba ya simu vimo kwenye nakala iliyopokelewa masjala.)